Sura ya 6: Sukari ya Alfajiri

Wauguzi wa kliniki za kisukari jijini Arusha wamelizoea swali hili kiasi kwamba haliwashangazi tena. Mama wa makamo ameamka saa kumi alfajiri, amepanda daladala kutoka Ngaramtoni au Usa River bila kutia kitu mdomoni, kama alivyoelekezwa, na sasa yuko kwenye benchi akisubiri zamu yake. Kidole kinachomwa, tone la damu linaguswa kwenye kijiti, glukomita inahesabu sekunde chache, inatoa 11.4. Mama anaitazama namba, kisha anamtazama kijana aliyeshika kipimo.

"Mwanangu, mimi tangu jana saa moja usiku sijala. Na hiyo jana yenyewe ni ugali kidogo na mnafu. Hiyo sukari imetoka wapi?"

Mara nyingi kijana atajibu kwa upole, "Pole mama, jitahidi kupunguza wanga," kisha ataita jina linalofuata, maana foleni ni ndefu. Ushauri huo hauna ubaya, ila haujajibu swali. Mama hakuuliza ale nini. Ameuliza sukari imetoka wapi, na kwa maoni yangu hilo ni swali zito kuliko mengi yanayoulizwa kwenye makongamano ya wataalamu.

Imetoka kwenye ini lake. Ameitengeneza mwenyewe, usiku, huku amelala, kwa maelekezo ya jeni ambazo kwa mtu mwenye afya hufanya kazi kwa kipimo na kwake yeye zinafanya kazi bila breki. Sura hii inazungumzia breki hiyo, jinsi ilivyogunduliwa ndani ya seli zilizooteshwa maabara, na kwa nini ilichokionyesha maabara hakitoshi kumweleza mama huyo kila kitu.

Tuanze na hesabu. Mtu mwenye kilo 60 aliyekaa usiku kucha bila kula, ini lake hutoa takriban miligramu 2 za glukosi kwa kila kilo ya mwili kwa kila dakika. Hiyo ni miligramu 120 kwa dakika, gramu 7 na ushee kwa saa. Kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi zinapatikana gramu zipatazo 58, sawa na vijiko 14 hivi vya chai vya sukari, na damu yote mwilini kwa wakati mmoja ina gramu 5 tu za glukosi. Hapo hajalishwa kitu. Sehemu ya glukosi hiyo inatoka kwenye akiba ya glaikojeni iliyowekwa mchana, na sehemu nyingine inaundwa upya na ini kutokana na laktiki, gliseroli na mabaki ya protini. Kazi hiyo ni halali kabisa. Ubongo unakula glukosi hata tukiwa usingizini, na bila ini kufanya zamu ya usiku hakuna ambaye angeamka kwenda kula daku.

Tatizo linakuja pale ini linapopitiliza. Na linapitiliza pale linapoacha kusikia insulini.

Kwenye semina za wagonjwa, insulini huelezwa kuwa ni ufunguo unaofungua mlango wa seli ili sukari iingie. Maelezo hayo yanafaa kwa misuli na mafuta. Kwa ini hayafai, kwa sababu glukosi huingia na kutoka kwenye seli za ini bila kuhitaji ruhusa ya insulini. Kinacholetwa na insulini kwenye ini ni agizo, na sehemu kubwa ya agizo hilo inaelekezwa kwenye kiini cha seli, zilipo jeni. Binadamu ana jeni kama 20,000 za kutengenezea protini. Insulini imeonekana kupandisha au kushusha usomaji wa zaidi ya jeni 100. Mbili kati yake ndizo zinazomhusu mama wa alfajiri: PCK1 na G6PC1. Kila moja inatoa kimeng'enya kimoja kinachohitajika ili ini litengeneze glukosi na kuiachia kwenye damu. Zikisomwa sana sukari inapanda, zikinyamazishwa inashuka.

Sasa utaonaje insulini ikinyamazisha jeni ndani ya ini? Huwezi kumkata mtu kipande cha ini kila baada ya dakika kumi. Panya naye mwili wake una mambo mengi kwa wakati mmoja: ukimchoma insulini sukari yake inashuka, sukari ikishuka homoni nyingine zinaamka, na mwisho hujui jeni imezimwa na insulini au na yaliyofuata. Ndiyo maana watafiti wakageukia seli zinazooteshwa kwenye chupa. Hapo hakuna ubongo, hakuna kongosho, hakuna tumbo. Kuna seli za ini na kile ulichokimimina wewe.

Chupa yenyewe ni ya plastiki, bapa, inalala kwenye kiganja. Seli zimejishikiza sakafuni mwake katika tabaka moja, na juu yake kuna kimiminika chenye chumvi, vitamini, amino asidi na glukosi, kilichotiwa rangi inayoonyesha hali ya asidi. Kikiwa sawa kina wekundu wa juisi ya rosela iliyochujwa vizuri. Seli zikila na kutoa uchafu kinaelekea rangi ya chungwa, na ukiona kimekuwa njano ujue umechelewa kukibadilisha. Chupa zinakaa kwenye kabati la joto la nyuzi 37, ndani yake hewa imechanganywa na kabonidayoksaidi asilimia 5.

Hiyo asilimia 5 ina kisa chake kwa anayefanya kazi huku kwetu. Vitabu vya maabara vimeandikwa na watu wanaoishi karibu na usawa wa bahari. Jiji la Arusha liko mita 1,400 hivi juu ya bahari, na mlima Meru unapanda nyuma yake hadi zaidi ya mita 4,500. Kwa mwinuko wa jiji, mgandamizo wa hewa ni takriban asilimia 85 tu ya ule wa Tanga au Dar es Salaam. Asilimia 5 ya hewa iliyo pungufu ni kabonidayoksaidi pungufu, na kimiminika kinakuwa na asidi kidogo kuliko kilivyokusudiwa. Anayetaka hali ile ile ya pwani inabidi aweke kabati lake karibu na asilimia 6. Tofauti ni ndogo, kama sehemu 7 za mia za kipimo kimoja cha pH, na seli nyingi zinaivumilia. Lakini mwanafunzi wa Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela pale Tengeru anayelinganisha matokeo yake na ya mtu wa Boston anapaswa kuijua kabla hajaanza kujilaumu. Naitaja kwa sababu mambo ya namna hii hayaandikwi kwenye makala za kisayansi, ingawa ndiyo yanayokula wiki za watu.

Usiku wa kuamkia jaribio, seli hufungishwa. Zinaondolewa majimaji ya damu ya ndama ambayo kwa kawaida huchanganywa kwenye chakula chao, kwa sababu yana homoni na vikuzaji visivyojulikana idadi. Asubuhi zikiwa zimetulia, chupa moja inawekewa insulini na nyingine inawekewa maji ya chumvi matupu. Saa inaanza kuhesabu.

Mwaka 1983, Daryl Granner na wenzake walichapisha kwenye jarida la Nature matokeo ya jaribio la aina hiyo. Walitumia seli ziitwazo H4IIE, zilizotokana na saratani ya ini la panya. Jeni waliyoifuatilia ni hiyo hiyo ya kimeng'enya cha PCK1, ambacho kwa kifupi huitwa PEPCK. Wakati huo ilishajulikana kwamba insulini inapunguza kiasi cha kimeng'enya hicho, ila haikujulikana kwa njia gani. Huenda insulini ilikuwa inakivunja, huenda ilikuwa inaharibu nakala za RNA zinazokitengeneza, au huenda ilikuwa inazuia jeni isisomwe tangu mwanzo. Ujanja ulikuwa kuvitoa viini vya seli vikiwa nusu ya kazi na kuviacha vimalizie nakala vilizokwisha kuzianza, safari hii kwa kutumia herufi za RNA zenye mnururisho. Nakala zilizoandikwa kwa herufi hizo zinaweza kuhesabiwa. Walipohesabu wakakuta kwamba viini vilivyotoka kwenye seli zilizopata insulini vilikuwa vinaisoma jeni ile kidogo sana, na kwamba mabadiliko hayo yalitokea ndani ya nusu saa.

Nusu saa ni muda mfupi mno kwa kitu ambacho wengi walikizoea kama homoni ya kusukuma sukari. Tena nakala za RNA za jeni hiyo hazidumu. Kila baada ya nusu saa hivi karibu nusu yake zinakuwa zimeharibika zenyewe. Ukifunga bomba na maji yenyewe ni ya kukauka haraka, saa mbili zinatosha kubadili hali. Kwa hiyo jeni inayoamua sukari ya alfajiri inaamriwa kila siku, mlo kwa mlo.

Lakini insulini haiingii kwenye kiini. Inaishia nje, kwenye utando wa seli. Kujua jinsi agizo linavyosafiri kutoka utandoni hadi kwenye DNA kulichukua miaka mingine 16, na njia yake inafanana na barua ya serikali inavyoshuka kutoka mkoani hadi wilayani, katani na kitongojini, kila ofisi ikigonga muhuri wake kabla ya kuipeleka chini. Muhuri wa seli ni fosfeti. Mwaka 1982 Masato Kasuga, C. Ronald Kahn na wenzao walionyesha kwamba kipokezi cha insulini, kikishaguswa na homoni, chenyewe kinabandikwa fosfeti; baadaye ikaeleweka kwamba kinajibandika, kisha kinaibandika protini iliyo jirani iitwayo IRS. IRS inakiita kimeng'enya PI3K. PI3K inaweka alama kwenye mafuta ya utando, na alama hiyo inamleta mtendaji mwenyewe, protini iitwayo AKT, ambayo nayo ikishagongwa muhuri inaachiwa kwenda kugonga wengine.

Mmoja wa hao wengine ni FOXO1. Huyu ndiye anayekaa juu ya DNA karibu na PCK1 na G6PC1 na kuziamuru zisomwe. Mwaka 1999 makundi kadhaa ya watafiti, kila moja kwa njia yake, yalionyesha kwamba AKT inaigonga FOXO1 na jamaa zake mahali patatu. Ikishagongwa, inatolewa nje ya kiini na kushikiliwa huko. Jeni zinabaki bila msimamizi, usomaji unashuka.

Jambo hili linaonekana kwa macho. FOXO1 huunganishwa na protini ya kijani inayong'aa, ile iliyotolewa kwa kiwavi-bahari aitwaye jelifishi, na seli zikawekwa chini ya darubini. Seli zilizofunga zina kiini cha kijani kilichokolea, na pembeni ni weusi. Weka insulini, usiondoe jicho. Ndani ya dakika ishirini au thelathini kijani kinahama: kiini kinakuwa tundu jeusi na eneo linalokizunguka linang'aa. Ukiosha insulini, baada ya muda kijani kinarudi ndani. Nimeeleza mambo mengi ya biolojia kwa wasomaji wasio wanasayansi, na sijui jaribio jingine linaloonyesha waziwazi namna hii kwamba chakula cha mchana kinafika hadi kwenye jeni.

Insulini haizimi tu. Kwa upande wa pili, ndani ya ini hilo hilo, inawasha jeni za kuhifadhi: ya glukokinasi, inayoikamata glukosi isitoke tena, na ya SREBP-1c, ambayo ni msimamizi wa kutengeneza mafuta. Hapa ndipo ugonjwa unapoonyesha ujeuri wake. Ungetegemea kwamba ini lililoacha kusikia insulini litaacha kusikia kila agizo. Sivyo. Mwaka 2008 Michael Brown na Joseph Goldstein, waliopata Tuzo ya Nobel mwaka 1985 kwa kazi yao ya kolesteroli, waliandika kwamba kwenye kisukari cha aina ya pili ini linakuwa kiziwi upande mmoja tu. Agizo la kuzima utengenezaji wa sukari halifiki, lakini agizo la kutengeneza mafuta linaendelea kufika. Kongosho nalo, likiona sukari haishuki, linaongeza insulini, na insulini hiyo ya ziada inazidi kuchochea mafuta. Ndivyo mtu mmoja anavyokuwa na sukari ya juu, ini lenye mafuta na trigliseridi nyingi kwenye damu kwa pamoja. Anaambiwa ana magonjwa matatu. Kwa sehemu kubwa ana ugonjwa mmoja uliojitokeza mahali patatu.

Hapa nitaingiza breki yangu mwenyewe, kwa sababu habari za seli za chupani zinanoga kuliko inavyostahili.

Kwanza, seli hizo zinaishi kwenye neema ya ajabu. Kimoja kati ya vimiminika vinavyotumika sana duniani kuoteshea seli kina glukosi ya 25 kwa kipimo kile kile cha glukomita zetu. Mgonjwa akisoma 25 pale kliniki anakimbizwa. Seli zinakaa humo maisha yao yote. Pili, majaribio mengi humwaga insulini ya nanomoli 100, ambayo ni zaidi ya mara 1,000 ya ile iliyo kwenye damu ya mtu aliyefunga. Kwa wingi huo insulini inaanza kugusa hata kipokezi cha ndugu yake, kikuzaji kiitwacho IGF-1, na unachokiona si chake peke yake. Tatu, nyingi ni seli za saratani. Zimejifunza kugawanyika bila kukoma, jambo ambalo seli ya kawaida ya ini haifanyi.

Kuna pigo kubwa zaidi ya hayo. Mwaka 2012 kundi la Morris Birnbaum lilitoa kwenye jarida la Nature Medicine habari za panya walioondolewa AKT na FOXO1 kwa pamoja ndani ya ini. Kwa mantiki ya chupani, ini la namna hiyo lisingeweza kuitii insulini hata kidogo, maana mtendaji hayupo na msimamizi hayupo. Lakini panya walipokula, ini lao lilipunguza sukari karibu kama la panya wa kawaida. Maana yake insulini ina njia nyingine ya kulifikia ini kwa kupitia viungo vingine. Mojawapo ni mafuta ya mwilini: insulini ikiyazuia yasiyeyuke, ini linakosa malighafi na nishati ya kutengenezea glukosi. Chupa yenye seli za ini peke yake isingeweza kukuonyesha hilo kamwe, kwa sababu ndani yake hakuna mafuta ya tumboni.

Hiyo haifuti kazi ya Granner wala FOXO1. Panya walioondolewa AKT peke yake, FOXO1 ikabaki, waliharibikiwa kweli: sukari yao haikutulia. Breki ipo na ni ya kweli. Ila mwili una zaidi ya moja.

Tutoke sasa maabara tuje kwenye damu za watu wa Kaskazini. Katika miaka ya 1980 Donald McLarty na wenzake walipima zaidi ya watu 6,000 katika vijiji sita vya Tanzania, vikiwemo vya Kilimanjaro, na kwenye taarifa yao ya mwaka 1989 kisukari kilikuwa asilimia 0.87. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012, uliohusu watu wa miaka 25 hadi 64 wa mjini na vijijini, ulitoa asilimia 9.1. Vipimo na umri wa waliopimwa havilingani, kwa hiyo mtu asigawanye namba moja kwa nyingine na kutangaza mara kumi. Lakini hakuna mbinu ya takwimu itakayolifuta ongezeko lenyewe, na jeni za Watanzania hazikubadilika ndani ya miaka 25. Kilichobadilika ni maagizo yanayozifikia.

Mwaka 2025 ulitolewa utafiti ambao nadhani kila mtu wa Arusha angepaswa kuusikia. Godfrey Temba, Quirijn de Mast na wenzao, wakishirikisha watafiti wa KCMC mjini Moshi na Chuo Kikuu cha Radboud cha Uholanzi, waliwachukua wanaume 77 wenye afya wa mkoa wa Kilimanjaro. Baadhi ya wa vijijini, waliozoea chakula cha asili, walihamishiwa kwa wiki mbili kwenye chakula cha kizungu kilichosindikwa na kujaa kalori. Baadhi ya wa mjini wakafanya kinyume chake: mboga, matunda, maharage, nafaka zisizokobolewa na vyakula vilivyochachushwa. Kundi la tatu, nalo la mjini, likapewa mbege kila siku kwa wiki moja, mbege hii hii ya ndizi na ulezi. Wachache walibaki na chakula chao cha kila siku ili wawe wa kulinganishia.

Damu yao ilichukuliwa na kuchunguzwa protini, na kuangaliwa jeni zipi zinasomwa kwenye chembe nyeupe. Sehemu nyingine iliwekwa kwenye vijichupa pamoja na vijidudu, ikaachwa kwenye joto la mwili ili ionekane chembe zinajibu vipi. Kwa hiyo utafiti huu una mguu mmoja kwa mtu aliye hai na mwingine chupani, na ndiyo sababu naupenda. Waliohamia kwenye chakula cha kizungu waliongezeka uzito, ishara za uvimbe kwenye damu yao zikapanda, na chembe zao nyeupe zikawa dhaifu kujibu vijidudu. Waliorudi kwenye chakula cha asili na wale wa mbege walielekea upande mwingine. Wiki nne baada ya jaribio kwisha, baadhi ya mabadiliko hayo yalikuwa bado yapo.

Msomaji atauliza uvimbe unahusianaje na insulini. Unahusiana kwenye ile barua. Mwaka 1993 Gökhan Hotamisligil na wenzake walionyesha kwamba mafuta ya panya wanene hutoa kwa wingi kemikali ya uvimbe iitwayo TNF-alfa, na baadaye ikajulikana kwamba kemikali za namna hiyo huigonga IRS mihuri mahali pasipo pake. IRS iliyogongwa vibaya haiwezi kumwita PI3K, na agizo linakwama pale pale. FOXO1 inabaki ndani ya kiini, PCK1 inaendelea kusomwa, sukari ya usiku inaendelea kumiminika. Watafiti wa Moshi hawakukata maini ya watu kuthibitisha mwendo huo wote, wala sidai kwamba walifanya hivyo. Lakini chakula cha wiki mbili kilitosha kubadili jeni zinazosomwa kwenye damu ya vijana wenye afya. Wanawake hawakuwemo, na hilo ni pengo, hasa ukizingatia ni akina mama wangapi wanaojaza yale mabenchi.

Miteremko ya Meru haina uhaba wa chakula cha aina ile. Loshoro ya Waarusha na Wamasai, mahindi na maziwa yaliyoganda, ni ya kuchachushwa. Kande, ndizi na maharage, mnafu, vyote viko sokoni Tengeru na Kilombero kwa bei inayoshinda sahani ya chipsi mayai na soda. Sisemi chipsi ni sumu. Nasema tumeziweka kwenye nafasi ya chakula cha heshima na kukiita kile kingine cha kimaskini, na ini halijui heshima.

Na mbege nayo isiwe kisingizio. Ina kilevi, na aliye kwenye dawa za kisukari anaweza kushuka sukari vibaya akinywa bila kula.

Tukiwa tunazungumzia vikombe, mkoa wa Arusha umewahi kuwa na kikombe maarufu kuliko vyote. Mwaka 2011 maelfu ya watu walipanga misururu ya magari ya kilomita kadhaa kwenda kijiji cha Samunge, Loliondo, kwa mchungaji mstaafu wa Kilutheri Ambilikile Mwasapila, aliyekuwa akitoa dawa ya mizizi ya mti wa mugariga kwa shilingi 500. Kisukari kilikuwa miongoni mwa magonjwa yaliyotajwa kupona. Walikuwepo walioacha dawa zao wakiamini wamemaliza kazi. Mzee alifariki mwaka 2021.

Watu wenye elimu hupenda kumaliza habari ile kwa kicheko, na hilo halinipendezi. Mti wenyewe, ambao wanabotania waliuita Carissa edulis, ulishajaribiwa nchini Misri: mwaka 1996 ilichapishwa kwamba dondoo lake lilishusha sukari ya panya waliowekewa kisukari kwa kemikali. Kwa hiyo si upuuzi kuuliza. Ungeweza kuchukua seli za ini, ukaziwekea dondoo la mugariga na kuangalia kama PCK1 inanyamaza. Makala za namna hiyo kuhusu miti ya Afrika ziko nyingi, na nyingi zina kasoro moja: hazimwonyeshi msomaji kwamba seli zilibaki hai. Ukimimina Jik kwenye chupa, PCK1 itazimika pia. Jeni iliyonyamaza kwa sababu seli inakufa si dawa. Na hata kama seli ziko hai, kiasi kilichotumika chupani mara nyingi hakiwezi kufika kwenye ini la binadamu kwa kunywa kikombe kimoja.

Njia ndefu ya kutoka mmea hadi dawa imewahi kupitwa, na dawa iliyoipita ndiyo iliyo mifukoni mwa wagonjwa wengi wa kisukari wa Arusha leo. Metformini imetokana na kemikali ya mmea wa Ulaya uitwao Galega officinalis. Daktari Jean Sterne wa Ufaransa alichapisha matumizi yake kwa wagonjwa mwaka 1957, na mwaka 1998 utafiti mkubwa wa Uingereza ulionyesha kwamba inapunguza vifo vinavyotokana na kisukari kwa wagonjwa wenye uzito uliozidi. Kazi yake kubwa si kuongeza insulini. Inapunguza sukari inayotengenezwa na ini, ile inayopimwa alfajiri kabla mtu hajala. Iko kwenye orodha ya taifa ya dawa muhimu. Kama umeandikiwa na namba yako ya asubuhi imetulia, usiiache kwa kudhani umepona: ini linaanza upya kila usiku. Kama inakuvuruga tumbo, kama inavyofanya kwa wengi wiki za mwanzo, imeze pamoja na chakula na umwambie daktari wako, akupunguzie dozi au akupandishie polepole.